Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Mpaka wa Umba

Kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, mto Umba humwaga maji yake baharini karibu na mji wa Vanga. Mnamo mwaka wa 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki, mpaka wao ulianzia mlangoni mwa mto huo, ukaelekea Ziwa Jipe na kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Wadigo na Wasegeju walijikuta wametengwa na ndugu zao pasipo kuulizwa. Katika nchi hiyo aliishi Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, ambaye mpaka huo ulimwokoa na wakati uo huo ukamnyima kwao.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliotawala Mombasa kwa takriban karne nzima. Babake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui. Mwaka wa 1837 Sayyid Said aliuteka mji, akamkamata Rashid pamoja na wakuu wenziwe na kuwahamisha, wala hawakurudi. Waliosalia waligawanyika: baadhi walihamia Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, na wengine Gazi, kusini. Mbaruk alikulia katika kumbukumbu ya hasara hiyo, na alipoushika uongozi wa Gazi hakukubali kuwa raia mtiifu wa Unguja. Aliasi mara kadhaa. Mwaka wa 1882 aliishambulia Vanga, na majeshi ya Sultani chini ya Lloyd Mathews yakamfuata hadi ngome yake ya Mwele.

Hata hivyo, haifai kumpamba kupita kiasi. Utajiri wa Wamazrui, kama ule wa matajiri wengine wa pwani ya wakati huo, ulitegemea jasho la watumwa mashambani. Uhuru aliopigania Mbaruk ulikuwa kwanza uhuru wa ukoo wake kutawala.

Mtihani mkubwa ulimfikia uzeeni. Mapema mwaka wa 1895 mtawala wa Takaungu alifariki, nayo Kampuni ya Kiingereza iliyosimamia pwani ikamtawaza Rashid bin Salim, kijana iliyemwamini, badala ya jamaa yake mwenye umri mkubwa zaidi. Aliyenyimwa kiti, ambaye pia aliitwa Mbaruk bin Rashid, alichukua silaha na hatimaye akakimbilia Gazi. Waingereza walimtaka mzee wa Gazi amtoe mgeni wake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzee alikataa, akijua fika gharama yake. Mwezi Agosti mwaka huo, kikosi cha Admirali Rawson kiliiteka Mwele.

Vita havikuishia hapo. Wapiganaji wa Mbaruk waliepuka mapambano ya ana kwa ana, wakashambulia ghafla na kutoweka msituni, hata Waingereza wakalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi. Mwezi Aprili mwaka wa 1896, alipozidiwa, Mbaruk alivuka mpaka pamoja na mamia ya wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mstari uliochorwa bila ridhaa ya wenyeji ndio uliowazuia Waingereza kumfuata. Alipewa makao Dar es Salaam, akafariki huko uhamishoni mwaka wa 1910.

Nyumba yake ya Gazi ilitumika baadaye kuwa shule. Watoto walijifunza kusoma na kuandika mle ambamo zamani palikatwa mashauri ya vita. Mbaruk hakuwa mkombozi wa wote, na waliomtumikia kwa lazima walikuwa na haki ya kumkumbuka vingine. Lakini alipotakiwa achague baina ya usalama wake na ndugu aliyebisha hodi, alifungua mlango. Kwa uamuzi huo alipoteza Gazi, na kwa uamuzi huo jina lake lingali likitajwa.