Atieno Odhiambo na Mlango wa Pim

Wapo wanahistoria waliosoma majalada ya serikali ya kikoloni wakadhani wameisoma Afrika. Marehemu Profesa Elisha Stephen Atieno Odhiambo (1945-2009) hakuwa miongoni mwao. Asimamaye Asembo Bay na kuipa mgongo Ziwa Victoria huitazama nchi ambayo msomi huyu aliifanya maktaba yake.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani. Katika insha zake za mwaka 1974 alionyesha kwamba Waafrika wa enzi ya ukoloni hawagawanyiki mafungu mawili tu, la vibaraka na la mashujaa. Kitabu chake cha mwaka 1981 kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini alikipa jina la Kiswahili: Siasa. Mimi, niliye mwanaisimu, naona kwamba jina hilo si pambo. Ni hoja kwamba harakati za watu wetu zilikuwa na msamiati wao.

Mwaka 1989 yeye na David William Cohen walitoa kitabu kiitwacho Siaya. Humo twamkuta pim, ajuza aliyelea watoto katika nyumba iitwayo siwindhe, akiwafunza nani ni ndugu, nani ni jirani na nani ni adui. Mwanamke ambaye mabwana shauri hawakumwona alitambuliwa kuwa mwalimu wa taifa.

Mtihani mkubwa ulikuwa kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi Mei 1987. Katika kitabu chao cha mwaka 1992, Cohen na Atieno Odhiambo, ambaye mwenyewe alikuwa Mjaluo, hawakushangilia upande wowote. Waliuliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema mila ni nini, na wakaonyesha jinsi mila hiyo ilivyokuwa ikiundwa kizimbani, mbele ya macho ya wote.

Swali hilo bado lamhusu kila mjane anayedai shamba. Hata hivyo, hoja zake zimo katika Kiingereza, ilhali wajukuu wa pim huzungumza Kijaluo na Kiswahili. Kuwafikishia hoja hizo ni deni letu sisi walimu wa lugha.