Jules Verne, Mtunzi Aliyepitisha Puto Kando ya Rwanda

Kacyiru ni kilima cha ofisi. Wizara nyingi za Serikali ya Rwanda ziko huko, na jina hilo likitajwa mjini Kigali watu hufikiria majalada na mihuri kabla ya kufikiria hadithi. Hata hivyo, mwaka 2012 ilifunguliwa pale Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyojengwa kwa juhudi zilizoanzishwa na chama cha Rotary cha Kigali-Virunga. Kwa ajili ya vijana wanaopanda kilima hicho kutafuta vitabu, leo tumeona inafaa kueleza maisha ya mtunzi mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 150 amependwa na wasomaji kwa mapenzi yasiyokuwa ya kawaida.

Mtunzi huyo ni Jules Verne, Mfaransa, anayehesabiwa kuwa mmoja wa baba wa riwaya za kisayansi. Hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika ya Mashariki hata siku moja. Lakini riwaya yake ya kwanza ilianzia Unguja, ikapita Unyamwezi na Karagwe, ikafika Ziwa Nyanza ambalo Waingereza waliliita Victoria. Karagwe na Rwanda zinatenganishwa na Mto Akagera tu. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1863. Mjerumani von Götzen, Mzungu wa kwanza kuivuka Rwanda kutoka mpaka hadi mpaka, alifika mwaka 1894.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari, 1828, katika mji wa Nantes, bandari iliyo kando ya Mto Loire. Baba yake alikuwa mwanasheria, na matumaini yake yote yalikuwa kwamba mwana huyo wa kwanza atairithi ofisi yake. Mtoto lakini alizitazama meli. Kuna kisa kinachopendwa mno na mashabiki wake kwamba akiwa na umri wa miaka 11 alitoroka nyumbani akapanda meli iliyokuwa ikienda India, baba akamkamata njiani. Wachunguzi wa siku hizi wanakitilia shaka kisa hicho. Sisi tunakitaja kwa sababu kinatuonyesha tabia moja ya wapenzi wa mtunzi yeyote: hutaka maisha yake yafanane na vitabu vyake.

Akiwa kijana alipelekwa Paris kusomea sheria. Alifaulu mitihani, kisha akakataa kurudi nyumbani. Alitaka kuandika michezo ya kuigiza, na kwa miaka kadhaa alikuwa katibu wa jumba moja la michezo, kazi yenye heshima ndogo na mshahara mdogo zaidi. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili. Nyumba yenye watoto haili mashairi, basi akaingia katika soko la hisa la Paris kuwa wakala. Asubuhi na mapema aliandika. Mchana alikwenda kuuza na kununua hisa za watu wengine. Muda uliobaki aliutumia maktabani, akisoma habari za jiografia, za mitambo na za nyota, na kuziandika katika vipande vya karatasi ambavyo baadaye vilifika maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1862 alikutana na Pierre-Jules Hetzel, mchapishaji wa vitabu vya Victor Hugo. Mkutano huo ndio uliomfanya Verne awe Verne. Hetzel aliipokea hadithi ya puto, akaitoa mwezi Januari 1863 kwa jina lenye maana ya majuma matano ndani ya puto, na ilipopata wasomaji wengi akamfunga mtunzi kwa mkataba: vitabu viwili au vitatu kila mwaka, mwaka hadi mwaka. Mfululizo wote ukapewa jina moja, Safari za Ajabu. Kwa maisha yake yote Verne alitoa zaidi ya riwaya 50 katika mfululizo huo. Kwanza hadithi ilitoka kipande kwa kipande katika gazeti la Hetzel la vijana, lililoanza mwezi Machi 1864. Halafu ilifungwa kuwa kitabu chenye picha na jalada la kupendeza, tayari kwa zawadi za mwaka mpya. Hivyo ndivyo watoto wa Ufaransa walivyozoea kuungoja mwisho wa mwaka. Tuseme pia kwamba katika biashara hiyo mchapishaji alifaidi kuliko mwandishi.

Jinsi wasomaji walivyompenda twaweza kuiona katika hadithi ya kuizunguka dunia kwa siku 80, iliyotolewa katika gazeti la Le Temps mwishoni mwa mwaka 1872. Kila siku wasomaji walifuata mahali alipofika Phileas Fogg kana kwamba ni mtu wa kweli aliye safarini, na inasimuliwa kwamba wako waliowekeana dau. Mwaka 1874 hadithi hiyo ikawa mchezo wa kuigiza, ambao ulimpa Verne fedha nyingi. Kisha, mwezi Novemba 1889, mwandishi wa gazeti wa Kimarekani, bibi Nellie Bly, aliondoka New York ili kuishinda rekodi ya mtu ambaye hakupata kuwapo. Alipofika Ufaransa aliacha njia yake ya moja kwa moja ili apite Amiens, akamwone mtunzi na mkewe nyumbani kwao. Alimaliza safari kwa siku 72. Hatujui shabiki mwingine aliyekwenda mbali zaidi kwa ajili ya kitabu.

Sasa turudi kwenye puto, kwa kuwa linatuhusu. Katika riwaya hiyo Dakta Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanaruka kutoka kisiwa kidogo cha Kumbeni, karibu na Unguja, mwezi Aprili 1862. Verne aliiandika kwa kutumia habari za Burton na Speke, waliosafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859. Puto linapita juu ya milima ya Karagwe, linavuka ziwa, na wasafiri wanauona kwa macho yao mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini: ndio Naili. Ajabu ni kwamba kitabu kilipotoka, Speke alikuwa bado njiani kurudi kutoka safari yake ya pili. Alikwisha yaona maporomoko ya Naili pale Jinja mwezi Julai 1862, lakini habari zake zilifika Ulaya miezi michache baada ya kitabu. Wasomaji waliona kama kwamba mtunzi ametabiri. Ukweli ni kwamba alikisia kutokana na yale Speke aliyokwisha yaamini tangu safari ya kwanza, akakisia vizuri.

Lakini kisio hilo halikufika mwisho. Puto lilipoiacha Karagwe upande wa mashariki wa Akagera, liliyaacha pia maji yenyewe yaliyokuwa yakitafutwa. Mwaka 1898 Richard Kandt, Mjerumani yuleyule ambaye mwaka 1907 aliuanzisha mji wa Kigali, alikifuata kijito cha Rukarara hadi chemchemi yake katika msitu wa Nyungwe, akakitaja kuwa chanzo cha mbali cha Naili. Maji hayo huungana na mengine hata yakawa Nyabarongo, ule unaopita kando ya Kigali, kisha yakawa Akagera, ndipo yakaingia ziwani.

Kuna jambo zito zaidi. Msomaji wa Kiafrika anayeipenda hadithi hiyo hawezi kuisoma bila kuumia. Huko Kaze, yaani karibu na Tabora ya leo, watu wanalichukua puto kuwa mwezi na dakta kuwa mwana wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na kuwaumbua wageni. Mahali pengine wasafiri wanadhani wamezingirwa na watu, kumbe ni nyani, na mzaha unaofuata kuhusu kufanana kwa hao na hawa haustahili kurudiwa hapa. Tunasema wazi kwamba huo ni uongo wa mtu aliyekaa maktabani. Wanyamwezi wa miaka ile walikuwa wapagazi na wafanyabiashara waliozoea kwenda pwani na pembe za ndovu na kurudi na vitambaa. Wengi wao walikwisha tembea kwa miguu masafa ambayo Verne hakuyafikiria. Walimwona Mzungu, na Mwarabu walikaa naye mji mmoja. Kama kulikuwa na mtu wa kushangaa katika habari hiyo, hakuwa Mnyamwezi.

Tungetenda vibaya pia kama tungesimama hapo. Mwaka 1878 Verne alitoa riwaya ya nahodha wa miaka 15, ambayo sehemu yake kubwa inapita Angola katika msafara wa watumwa, nayo inailaani biashara hiyo bila kificho. Na mtu anayewaokoa wenzake kwa nguvu na akili ni Hercules, mtu mweusi. Halafu yuko Nahodha Nemo, ambaye kwa maoni yetu ndiye kiumbe mkubwa kuliko wote aliowabuni. Nemo anaishi katika nyambizi yake, Nautilus, na anaichukia dunia ya wakubwa. Verne alitaka awe Mpolandi anayelipiza kisasi kwa Warusi waliowaua watu wake. Hetzel alikataa, akihofia kuwaudhi Warusi, na hivyo riwaya ya mwaka 1870 ikaacha asili yake gizani. Miaka michache baadaye, katika riwaya ya kisiwa chenye siri, Verne alijibu: Nemo ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Kihindi, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa mwaka 1857 akapoteza nchi na jamaa zake wote. Mpinga ukoloni, basi, ndiye aliyepewa mitambo bora kuliko mataifa yote.

Jambo hilo lilipofika kwa wasomaji wa Kiingereza lilikatwa makali. Tafsiri iliyotoka London mwaka 1875 kwa jina la Kingston ilibadilisha maneno ya Nemo dhidi ya utawala wa Kiingereza. Tafsiri ya Mercier ya ile riwaya ya nyambizi iliacha karibu robo ya kitabu, na kuharibu hesabu na majina ya viumbe vya bahari, hata watu wakasema Verne hakujua sayansi. Nchini Rwanda jambo hili lina uzito wake. Wazazi waliosoma kwa Kifaransa walimpata Verne mwenyewe. Watoto wao, tangu shule zilipoamriwa mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, watampata katika tafsiri. Tafsiri hizo mbovu za karne ya 19 zingali zikichapwa mpaka leo, kwa kuwa ni za kale na hazina mwenyewe wa kulipwa. Tungewaomba walimu na wakutubi watazame jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri kabla ya kumpa mtoto kitabu.

Miaka ya mwisho ya Verne ilikuwa ya huzuni. Alihamia Amiens mwaka 1871, mji wa mkewe. Alikuwa na jahazi lake, na mwaka 1884 alisafiri nalo hadi Algeria na Tunisia. Mwezi Machi 1886 mpwa wake Gaston, aliyekuwa na maradhi ya akili, alimpiga risasi mguuni, akawa mtu wa kuchechemea. Mwezi huohuo Hetzel alifariki dunia. Jahazi lilikwisha uzwa. Mwaka 1888 alichaguliwa kuwa diwani wa Amiens, na kwa takriban miaka 15 alishughulikia habari za michezo ya kuigiza na mambo ya mji kwa bidii ya karani mwema. Kisukari kilimdhoofisha, macho yakafifia, naye aliendelea kuandika. Alifariki tarehe 24 Machi, 1905, akiwa na umri wa miaka 77.

Wasomaji wake hawakumwacha. Mrusi Tsiolkovsky na Oberth, walioweka misingi ya elimu ya roketi, walikiri kwamba hadithi yake ya safari ya mwezini ya mwaka 1865 ndiyo iliyowaamsha; Oberth aliisoma akiwa mtoto, akapiga hesabu, akagundua kwamba abiria wa mzinga ule wangekufa papo hapo. Hiyo ndiyo aina ya shabiki tunayemsifu, apendaye na kukosoa. Mwaka 1935 wapenzi wake waliunda mjini Paris chama kinachoitwa Société Jules Verne. Katika miaka ya 1970 Mwitaliano Piero Gondolo della Riva, mkusanyaji wa vitu vyake, alithibitisha kwamba riwaya zilizotolewa baada ya mwaka 1905 zilikuwa zimebadilishwa sana na Michel, mwana wa marehemu, ambaye aliongeza sura na wahusika bila kusema. Chama kile kikazichapa upya katika miaka ya 1980 kama alivyoziandika mwenyewe.

Mwaka 1989 kitukuu wake alipata katika sanduku la chuma mswada mmoja ambao Hetzel aliukataa zamani, akiona wasomaji hawatauamini. Ulieleza Paris ya karne ya 20: magari yasiyovutwa na farasi, treni za mjini, mashine za kupeleka picha, na kijana mshairi anayekufa njaa kwa sababu hakuna anayesoma tena. Ulichapishwa mwaka 1994, miaka 131 baada ya riwaya ya lile puto kutolewa, na maduka ya vitabu ya Ufaransa yakajaa wanunuzi.