Sibawayhi: Mwajemi aliyewapangia Waarabu miisho ya maneno yao

Ami yake Mtume (s.a.w.) jina lake tunalitaja Abu Talib. Lakini masheikh wetu wanapomtaja mwanawe, Khalifa wa nne, husema Ali bin Abi Talib. Mzee ni yule yule, jina ni lile lile, ila mwisho wa Abu umegeuka kuwa Abi. Na lau Mwarabu angetaka kusema kwamba alimwona mzee huyo njiani, angesema alimwona Aba Talib. Wengi wetu tumelipokea jambo hili chuoni tangu tukiwa wadogo, tukalihifadhi, wala hatukuuliza.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyeuliza. Irabu moja ya mwisho wa neno ndiyo iliyomwingiza katika elimu, na irabu nyingine ya mwisho wa neno ndiyo iliyomtoa mjini Baghdad, akarudi kwao na kufa angali kijana.

Jina lake hasa ni Amr bin Uthman bin Qanbar, na kuniya yake ni Abu Bishr. Alizaliwa Baydha, mji wa jimbo la Fars usio mbali na Shiraz, katika karne ya 2 ya Hijria. Wengi hukadiria kuwa ni karibu na mwaka 760. Hakuwa Mwarabu. Watu wake walikuwa mawali wa Banu Harith bin Kaab, maana yake ni watu wa asili nyingine walioingia chini ya himaya ya kabila la Kiarabu. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiajemi.

Sibawayhi ni lakabu tu. Watu hupenda kusema kuwa maana yake ni harufu ya tufaha, kwa kuwa sib katika Kiajemi ni tufaha na bu ni harufu. Hadithi ni tamu, lakini wataalamu wa lugha wengi wanaona kuwa kile kipande cha mwisho ni kiambishi cha Kiajemi cha kuyafanya majina yawe ya udogo na mapenzi, nacho kimo pia katika majina ya wanavyuoni wengine kama Niftawayhi na Ibn Khalawayhi. Sisi udogo tunautia mbele, tukasema kitoto na kijumba; Waajemi waliutia nyuma. Waarabu walipokipokea kipande hicho walikiacha kimesimama na kasra yake, mwenye jina awe ametenda au ametendwa. Sibawayhi mwenyewe aliyazungumza majina ya namna hiyo katika kitabu chake, kwa mfano wa jina Amrawayhi. Kwa hiyo huyu aliyewaeleza watu jinsi majina yanavyogeuka mwisho, lake mwenyewe halikugeuka.

Alipokuwa kijana alikwenda Basra, ambako hakukusudia kusoma nahau hata kidogo. Alikwenda kutafuta hadithi na fikihi, akakaa mbele ya Sheikh Hammad bin Salama. Siku moja alikuwa akiisoma hadithi ambayo ndani yake Abu Dardai anavuliwa katika jambo linalosemwa juu ya masahaba wote. Sibawayhi akasoma Abu Dardai. Sheikh akamrudi mbele ya wanafunzi: mahali pale ni Aba, kwa sababu neno laysa lililotangulia limekuja kwa maana ya isipokuwa, na kinachovuliwa baada yake hupata nasbu. Yasimuliwa kuwa yule kijana aliona haya kubwa, akaapa kuitafuta elimu ambayo baada yake hakuna atakayemrudi tena kwa kosa la mwisho wa neno.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya kuringiana wasomi. Katika Sura ya Tawba, aya ya 3, liko neno rasuluhu, kwa dhuma. Kwa dhuma hiyo maana ni kuwa Mwenyezi Mungu yuko mbali na washirikina, na Mtume wake pia yuko mbali nao. Mtu akilisoma kwa kasra, akasema rasulihi, maana inakuwa kwamba Mungu yuko mbali na washirikina na na Mtume wake, naudhubillahi. Inasimuliwa kuwa kosa kama hilo ndilo lililomfanya Abul Aswad Duali, miaka mingi kabla ya Sibawayhi, aanze kutia nukta katika Msahafu ili msomaji ajue mwisho wa neno usomwe vipi.

Basi kijana akamwendea Khalil bin Ahmad Farahidi, na kwa jina hili wasomaji wenye jamaa Oman watafurahi, maana Khalil asili yake ni huko, wa kabila la Azd, ambalo Mabusaidi nao hujinasibisha nalo. Khalil ndiye aliyezipambanua bahari za mashairi ya Kiarabu, ndiye aliyeanzisha kamusi ya kwanza ya lugha hiyo, na ndiye anayehesabiwa kuwa alituwekea fataha, kasra na dhuma kwa sura tunazozijua leo. Alikuwa mtu wa zuhudi, mwenye kuishi kwa kidogo. Sibawayhi alikaa kwake akiuliza na kuandika. Katika kitabu chake amemtaja mamia ya mara, na wanavyuoni wakaafikiana kuwa kila anaposema kwamba alimuuliza bila ya kutaja aliyeulizwa, huyo ni Khalil.

Ulimi wa Sibawayhi ulikuwa mzito, wanasema, lakini kalamu yake ilikuwa nyepesi. Kitabu alichokiacha kina milango zaidi ya 500 na beti za ushahidi zaidi ya 1000, na hakina dibaji wala jina. Mauti yalimkuta kabla hajakipa jina, ndipo watu wakakiita Kitabu basi, na mpaka leo mwanachuoni wa nahau akisema Kitabu bila ya kuongeza neno, wenzake wanajua amekusudia hicho.

Mlango wa kwanza unayagawa maneno ya Kiarabu mafungu matatu: jina, kitendo na herufi. Mlango wa pili tu ameshaingia katika miisho, akaihesabu njia zake kuwa nane. Lililo kubwa kwake halikuwa hesabu hiyo. Kila alipouona mwisho umegeuka alitafuta ni neno gani lililougeuza, na neno hilo ndilo waliokuja baadaye wakaliita amili. Kitendo humpa mtendaji raf'u na mtendwa nasbu. Neno kama min huleta jarru. Jina likiungwa na jina jingine, la pili hupata jarru; na hapo ndipo Abu alipokuwa Abi baada ya bin. Mwarabu akisema dharaba Zaydun Amran, Zayd ndiye aliyepiga. Akigeuza akasema dharaba Amran Zaydun, aliyepiga ni Zayd vile vile, kwa sababu ile -un imemfuata alikokwenda.

Jaribu hilo kwa Kiswahili uone. Juma amempiga Ali. Geuza majina, na aliyepigwa amekuwa mpigaji. Lugha yetu nayo ina miisho, tena mingi, lakini kazi yake ni nyingine. Mingi imekaa katika kitendo: pika, pikia, pikwa, pikisha, pikiana, pikishwa. Kila kipande kinaleta maana yake na kina zamu yake katika msururu. Jina letu halitaki kuguswa mwisho, isipokuwa kwa ile -ni ya nyumbani na sokoni. Kiajemi cha leo kiko karibu na sisi katika hili: jina halina raf'u wala jarru, ila hufuatwa na kipande ra linapokuwa la mtendwa, na huchukua ha kwa wingi.

Mimi naona hapa ndipo ilipo siri ya Sibawayhi. Mbedui alitia dhuma pahali pake kama sisi tunavyosema mti umeanguka na watu wameanguka, bila ya kufikiri hiyo u- na hiyo wa- zimetoka wapi. Aliyeifahamu Kiarabu baada ya lugha nyingine hakuweza kupita hivi hivi. Kila dhuma ilimsimamisha na kumtaka hoja. Na mtoto wa Lamu au Mombasa anayefunguliwa Ajurrumiya kwa mara ya kwanza amesimama pale pale aliposimama yule Mwajemi. Hata neno letu irabu linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kule kugeuka kwa miisho, na nahau yenyewe, kabla ya vitabu vya shule kuifanya iwe jina la misemo, huku pwani ilikuwa ndiyo elimu hii.

Liko jambo moja katika Kitabu linalotugusa zaidi. Sibawayhi ameeleza kwa urefu kiambishi cha nisba, ile -i inayomfanya mtu wa Basra awe Basri na wa Shiraz awe Shirazi. Kanuni yake ni kuwa wingi haunasibishiwi. Hurudishwa kwanza kwenye umoja, hata masajid ikatoa masjidi. Kwa kanuni hiyo mtu wa sawahil, wingi wa sahil, angepaswa kuitwa sahili. Lakini amevua pale ambapo wingi umekwisha kuwa jina la mahali au la watu. Hapo -i huingia juu ya wingi wenyewe, kama Madaini kutoka Madain. Sawahil ilikwisha kuwa jina la nchi, ndipo ikapatikana Sawahili, nasi tukaongeza m- na ki- zetu mbele. Kila asemaye Kiswahili ameshika mwisho wa Kiarabu na mwanzo wa Kibantu katika neno moja.

Sasa nifike Baghdad. Sibawayhi alikwenda huko zama za Harun Rashid, yule yule wa Alfu Lela Ulela, na munadhara ukaandaliwa mbele ya waziri Yahya bin Khalid Barmaki. Upande wa pili alikuwa Kisai wa Kufa, mmoja wa wasomaji saba wa Qurani na mwalimu wa watoto wa Khalifa. Naye pia asili yake ilikuwa ya Kiajemi, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia mbio.

Mas'ala yalikuwa ya nge na nyigu. Mtu alikuwa akidhani kuwa nge anauma zaidi kuliko nyigu, kumbe huyu ni sawa na yule. Je, mwishoni aseme fa-idha huwa hiya, au fa-idha huwa iyyaha? Hiya ni la raf'u, iyyaha ni la nasbu. Sibawayhi akasema la kwanza tu ndilo, la pili halijuzu. Kisai akamtia mfano mwingine: mtu ametoka nje, ghafula Abdullahi amesimama, aseme al-qaimu au al-qaima? Sibawayhi akashika dhuma. Kisai akasema Waarabu husema kote kuwili.

Pakawa hapana wa kuamua, hadi zikaitwa shahidi za Mabedui waliokuwa mlangoni. Wakaunga mkono kauli ya Kisai. Wapo wasemao kuwa walihongwa, na wapo wasemao kuwa waliijua tu cheo cha Kisai kwa Khalifa. Katika mapokezi mengine yasemwa kuwa hawakulitamka neno lenyewe. Walisema tu kwamba haki ni ya Kisai, na Sibawayhi akamwomba waziri awaamrishe walitamke, kwa kuwa ndimi zao zisingekubali. Wanahistoria wengine wanatia shaka katika sehemu za kisa hiki, kwa kuwa kimepitia midomo ya watu wa Basra na wa Kufa, na kila upande ulikuwa na lake. Wallahu aalam. Lakini wanavyuoni wengi wa nahau waliokuja baadaye walimpa haki Sibawayhi.

Yasimuliwa kuwa Yahya alimpa dirham 10,000. Akazichukua, akaondoka, wala hakurudi Basra. Alikwenda Fars, akafa huko karibu na mwaka 180 Hijria (796), kwa kauli ya wengi akiwa hajafika miaka 40. Wengine husema ni kwa majonzi. Kaburi lake laonyeshwa Shiraz, mtaa wa Sang-e Siah.

Kitabu kilibaki mikononi mwa mwanafunzi wake Akhfash, mtu aliyemzidi umri, na ndiye aliyekisomesha. Baada yake Mubarrad, aliyefariki 285 Hijria (898), alikuwa akimuuliza kila ajaye kukisoma kama amewahi kupanda bahari. Na aliyekifafanua vizuri ni Sirafi, aliyefariki 368 Hijria (979), mtu wa asili ya Siraf, bandari ile ile ya Uajemi ambayo wenye vyombo wake walikuwa wakija pwani hii. Masudi alisafiri nao hadi Qanbalu, mara ya mwisho mwaka 304 Hijria (916). Mfaransa Hartwig Derenbourg alikichapisha Paris kati ya 1881 na 1889, na Abdussalam Harun akakihariri upya Cairo katika miaka ya 1960 na 1970.

Ama Kisai, yasimuliwa kuwa baada ya kufa Sibawayhi alimwita Akhfash faraghani akamsomea Kitabu, akamlipa dinari 70. Na mwanafunzi wake mkubwa, Farra, imamu wa watu wa Kufa, alipofariki mwaka 207 Hijria (822), chini ya mto aliolalia palikutwa sehemu ya Kitabu cha Sibawayhi.