Mwindaji Aliyelala Nyeri



Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri, kuna kaburi ambalo wageni huliendea kwa wingi, nalo ni la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Si mbali na hapo pana kaburi jingine ambalo wengi hulipita bila kulisoma jina. Ni la Edward James Corbett, aliyeitwa na wote Jim. Tumeona vema tuwasimulie habari zake, kwa kuwa vijana wa parishi yetu wametuuliza zaidi ya mara moja: mnyama wa mwituni akiua mtu, je, tuna haki ya kumwua? Na tukimwua, tunajuaje kuwa ndiye?

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika mji wa Naini Tal, kaskazini ya India, kwenye vilima vya Kumaon vinavyopanda kuelekea Himalaya. Baba yake alikuwa mkuu wa posta, naye alifariki mtoto hajatimiza miaka sita. Mama akaachiwa watoto wengi na fedha kidogo. Wakati wa baridi jamaa hii ilikuwa ikishuka bondeni Kaladhungi, kwenye msitu mkubwa, na huko Jim alijifunza kusoma nyayo kama watoto wetu wanavyosoma alfabeti. Alijua ndege gani analia anapomwona chui, na kulungu gani anapiga kelele bila sababu.

Akiwa kijana aliajiriwa na shirika la reli, na kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa mkandarasi wa kuvusha mizigo mahali paitwapo Mokameh Ghat, kwenye mto Ganges. Hapa hatuna budi kutaja jambo moja, ingawa si la wanyama, maana mwalimu hawezi kulipita. Alianzisha shule kwa watoto wa wafanyakazi wake, wakaanza 20. Mara ikazuka taabu, kwani watoto wa tabaka la juu hawakuruhusiwa kuketi ndani ya nyumba moja na wa tabaka la chini. Mwalimu mkuu akapata dawa: akaziondoa kuta za kibanda. Paa tupu si nyumba! Shule hiyo ikaja kuwa na wanafunzi 200.

Sasa tuje kwenye chui-milia, mnyama ambaye huku kwetu hayuko, ila wa India wanamjua kama sisi tunavyomjua simba. Mwaka 1907 serikali ilimwomba Corbett amwue jike mmoja aliyekuwa akiwala watu katika wilaya ya Champawat. Alikuwa amefukuzwa kutoka Nepal baada ya kuua watu 200 huko, na hesabu yake yote ilipofungwa ilikuwa watu 436. Corbett alikubali kwa masharti mawili. Kwanza, zawadi ya fedha iliyotangazwa ifutwe. Pili, wawindaji wengine wote waondoke. Hakutaka kuhesabiwa pamoja na watafutao malipo, wala hakutaka kupigwa risasi kwa makosa na mtu mwenye pupa.

Alifika kijiji cha Pali akakuta milango imefungwa. Siku 5 zilikuwa zimepita tangu mwanamke mmoja achukuliwe alipokuwa akikata majani ya ng'ombe, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kwenda hata mtoni. Usiku ule Corbett alikaa nje, mgongo kwenye mti, bunduki magotini. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alitetemeka kwa hofu mpaka kukapambazuka. Tunampenda kwa kukiri huko. Kesho yake hakwenda kuwinda kwanza. Watu walikuwa na ngano iliyoiva, nao waliogopa kuivuna, basi akasimama mlinzi na bunduki yake wakati wao wakivuna. Kufika jioni mashamba makubwa matano yalikuwa yamekwisha.

Katika kijiji kimoja cha njiani alionyeshwa mwanamke aliyekuwa bubu. Mwaka mmoja nyuma chui-milia huyo alimkamata dada yake mbele ya macho yake. Mwanamke akamkimbilia na mundu mkononi, akipiga kelele amwache dada yake amchukue yeye. Mnyama akauweka chini mzigo wake, akamgeukia. Alikimbia mpaka nyumbani, na alipotaka kusimulia, sauti haikutoka tena.

Siku chache baadaye, kwa msaada wa watu 298 waliopiga ngoma na makopo juu ya mlima chini ya uongozi wa ofisa wa serikali wa hapo, yule jike alitolewa bondeni. Corbett alimpiga, risasi zake zikamwishia, ikambidi akimbilie bunduki kuukuu ya yule ofisa ndipo akammaliza. Alipokuwa akirudi alipita kwa yule bubu, akaitandaza ngozi mbele yake. Mwanamke akapiga kelele akimwita mumewe na majirani waje waone.

Wengi wangekomea hapo wakashangilia. Corbett aliuchunguza mdomo wa yule mnyama. Chonge mbili za upande wa kulia, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevunjika, na ya chini ilikatika mpaka kwenye mfupa. Ilikuwa kazi ya risasi ya zamani. Mtu fulani, miaka iliyopita, alimpiga, akamjeruhi, akaenda zake. Mnyama yule hakuweza tena kuua mawindo yake ya kawaida.

Tangu hapo hakuacha kuuliza swali hilo kwa kila mla watu aliyemwangusha. Jike wa Mukteswar, aliyeua watu 24, alipigana na nungunungu akapoteza jicho, na miiba hamsini hivi ikamwingia mkononi. Alikuwa amejilaza majanini akiramba vidonda, mwanamke akaja akikata majani mpaka akamkaribia kabisa. Akampiga dharuba moja, wala hakumla. Wa pili alimwua, akamla kidogo. Wa tatu ndiye aliyemwua kwa makusudi. Corbett akakata shauri kwamba mnyama hazaliwi mla watu. Kuna kitu kinachomsukuma, na mara nyingi kitu hicho kimetoka mkononi mwetu.

Tusidhani ni mambo ya India tu. Huko Rufiji, kati ya 2002 na 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35. Alipouawa mwezi wa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Na wataalamu waliochunguza simba wa kusini ya Tanzania walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa nchini tangu 1990 mpaka 2004, wengi wao wakati wa mavuno, kwa kuwa nguruwe-mwitu huingia mashambani, simba huwafuata nguruwe, na mkulima amelala kibandani akilinda mahindi yake. Wenye mashamba ya mbali wanaelewa tunachosema.

Katika kujilinda, Corbett alikuwa na kanuni aliyoishika daima. Chui-milia hajui kwamba binadamu hana pua ya kunusa, kwa hiyo humnyemelea kutoka kule upepo unakoelekea. Basi Corbett, upepo ukimpiga usoni, alijua hatari iko nyuma, akatembea kwa kupinda pinda ili upepo umguse mara shavu hili mara lile. Alijua pia kwamba chui-milia huua mchana, na chui wa kawaida huua usiku.

Chui mmoja wa Rudraprayag ndiye aliyemsumbua kuliko wote. Tangu 1918 mpaka 1926 aliua watu 125 kwenye njia ya mahujaji waendao Kedarnath na Badrinath. Corbett aliamini chanzo kilikuwa yale mafua makali ya 1918, maiti zilipokuwa nyingi zikatupwa mabondeni bila kuchomwa, na chui akaonja. Watu walijaribu mitego, walijaribu sumu ndani ya mizoga, na Corbett naye aliitumia. Chui aliila akaishi. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukifundisha bara zamani, tuliona nyama ya sumu ikitegwa kwa ajili ya chui aliyekula mbuzi. Walikufa mbwa watatu na fisi mmoja, na yule chui akarudi juma lililofuata.

Corbett alikesha usiku 20 juu ya mnara wa daraja, bila kitu. Mwishowe, mwaka 1925, akachoka kiasi cha kuona kwamba mwindaji aliyechoka ni hatari kwake na kwa wengine, akaondoka kwenda kupumzika, akijua kuwa watu watakufa nyuma yake. Wakafa kweli. Walikuwapo waliomlaumu, nasi hatujui kama tungekuwa na ujasiri wa kuondoka vile. Alirudi, akaketi usiku kumi juu ya mwembe huko Golabrai, na usiku wa kumi na moja, mwezi wa Mei 1926, akamwua. Alikuwa dume mzee, meno yamelika.

Tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1929, akimtafuta jike wa Chowgarh aliyekuwa na mtoto mkubwa, aliwaona wawili akachagua vibaya, akamwua mtoto. Mama akaendelea kuua mpaka 1930. Mwaka huo walipokutana ana kwa ana, Corbett alikuwa ameshika mayai mawili ya ndege katika mkono wa kushoto. Akafyatua bunduki kwa mkono mmoja, kisha akarudi akayaweka mayai mahali alipoyatoa. Mwaka huohuo wa 1930 alimwua chui-milia dume mkubwa wa Powalgarh, ambaye hakuwa amemla mtu hata mmoja. Alimtaka kwa ukubwa wake tu. Kwetu sisi hilo ni doa, na haipasi kulifunika.

Hata hivyo katika miaka hiyohiyo alianza kubeba kamera mahali pa bunduki, na akawaambia wakubwa kwamba chui-milia wanakwisha. Alikuwa miongoni mwa waliosaidia mpaka mbuga ya kwanza ya taifa ya India ikafunguliwa mwaka 1936. Leo inaitwa kwa jina lake, na ndipo India ilipoanzia mwaka 1973 mpango wake wa kuwahifadhi chui-milia. Katika kijiji chake cha Choti Haldwani alijenga ukuta wa mawe kuzunguka mashamba ya wapangaji wake, ili wanyama wasile mazao. Sisi tunauhesabu ukuta huo pamoja na uwindaji wake wote.

Mla watu wake wa mwisho alimwua mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 63. India ilipopata uhuru mwaka 1947 aliondoka pamoja na dada yake Maggie, kwa hofu ambayo Wahindi waliompenda hawakumpa sababu ya kuwa nayo, wakaja Nyeri kukaa katika nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Hakuoa. Mwezi wa Februari 1952 alikuwapo Treetops, ile hoteli ya juu ya mti, usiku ambao Elizabeth alirithi ufalme bila kujua, naye mzee wa miaka 76 akakaa macho kwenye ngazi na bunduki, asije chui akapanda.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1955, muda mfupi baada ya kumaliza kitabu chake cha sita. Mtakaopita Nyeri, kaburi lake li wazi kutazamwa. Ulizeni kanisani mtaonyeshwa.