Rukhmabai: Daktari aliyekuwa radhi kufungwa kuliko kuishi katika ndoa ya utotoni

MNAMO Machi 1887, Mahakama Kuu ya Bombay, jiji ambalo siku hizi huitwa Mumbai, ilimtaka mwanamke wa miaka 22 achague moja kati ya mambo mawili: kwenda kuishi na mwanamume aliyeozwa kwake akiwa mtoto, au kufungwa jela miezi 6.

Mwanamke huyo, Rukhmabai, alitangaza kwamba alikuwa radhi kufungwa. Msimamo wake ulizua mjadala mkali India na Uingereza, na ukachangia kubadilishwa kwa sheria zilizohusu umri wa wasichana katika ndoa.

Rukhmabai alizaliwa Novemba 22, 1864 jijini Bombay, katika jamii ya maseremala. Mamake, Jayantibai, aliozwa angali msichana mdogo. Alimzaa Rukhmabai akiwa na umri wa miaka 15, na alipofika miaka 17 alikuwa tayari mjane.

Kinyume na Wahindu wa matabaka ya juu, ambao walimkataza mjane kuolewa tena, jamii hiyo iliruhusu jambo hilo. Jayantibai aliolewa na Sakharam Arjun, daktari mwenye sifa jijini humo, baada ya kumwandikisha bintiye mali iliyoachwa na marehemu mumewe.

Rukhmabai alipotimu umri wa miaka 11, zamu yake ilifika. Aliozwa kwa Dadaji Bhikaji, kijana wa miaka 19 aliyekuwa jamaa ya babake wa kambo. Ilikubaliwa kwamba Dadaji angetunzwa na wakwe zake na kupewa elimu ili awe mtu wa kutegemewa. Hata hivyo, kijana huyo aliyapa masomo kisogo na kuhamia kwa jamaa zake.

Babake wa kambo, kwa kuwa tabibu, aliyajua madhara ya kumfanya mtoto kuwa mke. Alikataa Rukhmabai akabidhiwe mumewe punde tu alipovunja ungo, kama desturi ilivyotaka. Msichana huyo akabaki nyumbani kwao, akijisomea vitabu na kuhudhuria mikutano ya watu waliotaka mageuzi katika jamii.

Miaka ilisonga, na kadiri alivyoelimika ndivyo alivyozidi kusadiki kwamba hangeweza kuishi na mume ambaye hakumchagua. Mwaka wa 1884 Dadaji alikwenda kortini kudai arudishiwe mkewe.

Kesi hiyo ilisikizwa na Jaji Robert Pinhey, ambaye Septemba 1885 aliamua kwamba Dadaji hakuwa na haki ya kumlazimisha. Jaji huyo alieleza kwamba amri ya kumshurutisha mke kwenda kwa mumewe haikuwa na asili katika sheria za Kihindu, bali ilitoka Uingereza. Aidha, alisema, hata huko Uingereza ilikusudiwa kwa watu ambao wamewahi kuishi pamoja wakatengana, ilhali Rukhmabai aliozwa akiwa mtoto asiyeweza kutoa idhini yake.

Hapo ndipo ilipodhihirika ajabu ya kesi hiyo. Uingereza kwenyewe, adhabu ya kifungo kwa mtu aliyekataa kurudi kwa mwenzi wake ilikuwa imefutwa mwaka wa 1884. Ilisalia kuwatisha wanawake wa India.

Mwaka huo wa 1885, Rukhmabai alikuwa akiandika barua katika gazeti la Times of India bila kutaja jina lake halisi. Alieleza jinsi ndoa za utotoni zilivyowanyima wasichana elimu, afya na fursa ya kukua, na jinsi zilivyowaharibia wavulana maisha pia. Mwanahabari Behramji Malabari, aliyekuwa akiendesha kampeni dhidi ya ndoa hizo tangu 1884, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono.

Wapinzani nao hawakukaa kimya. Bal Gangadhar Tilak, mmoja wa viongozi mashuhuri wa upinzani dhidi ya ukoloni, alishikilia kwamba elimu ya Kiingereza ndiyo iliyompotosha Rukhmabai na kwamba Waingereza hawakustahili kuingilia mila za Wahindu. Kwa wengi wa mrengo huo, kumtetea msichana mmoja kulikuwa sawa na kuisaliti jamii nzima.

Dadaji alikata rufaa. Mnamo 1886 majaji wawili, akiwemo Jaji Mkuu Charles Sargent, walitengua hukumu ya Pinhey na kuagiza kesi isikizwe upya. Ndipo ikatolewa ile amri ya Machi 1887.

Rukhmabai hakufungwa. Mnamo Julai 1888 pande hizo mbili zilipatana nje ya mahakama, Dadaji akapokea rupia 2,000 na kuacha kudai amri hiyo itekelezwe. Rukhmabai akawa huru, ingawa hakuna sheria iliyokuwa imempa uhuru huo, aliununua.

Mjadala ulipamba moto tena mnamo 1890, baada ya Phulmoni Dasi, msichana wa Calcutta ambaye hakuwa amefika umri wa miaka 12, kufariki kutokana na majeraha aliyopata alipoingiliwa na mumewe. Mwanamume huyo hakuhukumiwa kwa ubakaji kwa kuwa sheria iliwalinda wasichana wasiozidi miaka 10 pekee. Mwaka wa 1891 serikali ilipandisha umri huo hadi miaka 12, licha ya maandamano makubwa ya kupinga.

Badiliko hilo liliingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya India, sheria ambayo baadaye Waingereza waliitumia pia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, hadi 1930.

Wakati huo Rukhmabai alikuwa masomoni. Alisafiri hadi Uingereza mwaka wa 1889 kwa msaada wa wahisani, akiwemo Dkt Edith Pechey aliyefanya kazi Bombay, akajiunga na chuo cha udaktari cha wanawake jijini London na kufuzu mwaka wa 1894. Mwaka uliofuata alirejea India kusimamia hospitali ya wanawake mjini Surat, kisha akahudumu Rajkot. Hivyo akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa India kufanya kazi ya udaktari, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Hakuolewa tena. Hata hivyo, Dadaji alipofariki mwaka wa 1904, Rukhmabai alivaa vazi jeupe la wajane. Alipostaafu aliandika kijitabu cha kupinga desturi ya kuwatawisha wanawake.

Alijaliwa kuona sheria ya 1929 ikiweka umri wa chini wa kuolewa kuwa miaka 14 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Mei 1955, India ilipitisha sheria ya ndoa ya Wahindu iliyoruhusu talaka, ingawa ilihifadhi kipengele cha kudai mwenzi arudi, kile kile kilichompeleka kortini.

Rukhmabai aliaga dunia Septemba 25 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 90. Ilichukua hadi 1978 kwa India kuamua kwamba msichana asiolewe kabla ya kutimu miaka 18. Kenya iliweka umri uo huo kwa wote katika Sheria ya Ndoa ya 2014, miaka 127 baada ya mwanamke wa Bombay kuambiwa achague kati ya mume na jela.