David Bruce: Daktari aliyeijua siri ya mbung'o kwa farasi na mbwa

Kila kiangazi, kuanzia Desemba, majani yanapokauka Arua na Koboko, wafugaji hushusha wanyama wao mitoni kutafuta maji. Mbwa nao hufuata. Huko chini, penye kivuli cha miti ya kando ya maji, ndiko mbung'o wanakokusanyika, kwa kuwa jua kali limewafukuza kwingineko.

Wiki chache baadaye mwenye mbwa huanza kuona mabadiliko. Mbwa anapata homa, anakonda ingawa anakula, ufizi unapauka, na macho yanafunikwa na ukungu wa rangi ya samawati. Wengi hudhani amelishwa sumu. Kumbe mara nyingine ni nagana, na mnyama aliyeletwa kutoka mbali, awe mbwa wa kizungu, farasi au ng'ombe wa maziwa wa kigeni, ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa hakuzaliwa katika nchi ya mbung'o. Kimelea kimojawapo cha ugonjwa huo kinaitwa Trypanosoma brucei, na jina hilo limetokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855. Wazazi wake walikuwa Waskoti, nao walirudi kwao naye akiwa na umri wa miaka mitano. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kufanya kazi. Alikuwa na mwili wenye nguvu na alipenda michezo, lakini ugonjwa wa mapafu ukamzuia kuifuata njia hiyo. Alipenda pia kuchunguza ndege, na mapenzi hayo yalimwingiza Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea elimu ya wanyama kabla ya kugeukia udaktari wa watu. Alihitimu mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, na mwaka huohuo akaingia jeshini.

Mwaka 1884 walipelekwa kisiwa cha Malta, ambako askari walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Bruce alinunua hadubini na kujifunza kuitumia, mkewe akiwa msaidizi wake. Mwaka 1887 alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha homa hiyo. Ilimchukua miaka mingi kujua kilikotoka. Ni mwaka 1905 ambapo Themistocles Zammit, daktari wa Malta aliyekuwa katika tume iliyoongozwa na Bruce, aligundua kwamba kinakaa katika damu ya mbuzi wanaoonekana wazima kabisa. Watu walikuwa wakiunywa ugonjwa ndani ya maziwa mabichi. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ilipungua kwa kasi. Leo ugonjwa huo unaitwa bruselosi, tena kwa jina la Bruce, ijapokuwa sehemu kubwa ya ugunduzi ilikuwa ya Zammit.

Kabla ya jibu la Malta kupatikana, Bruce alikuwa ameshapita Afrika Kusini. Mwaka 1894 gavana wa Natal na Zululand alimwita achunguze ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe, farasi na mbwa. Wazulu waliuita nagana. Yeye na Mary walisafiri kwa gari la kukokotwa na maksai hadi Ubombo, juu ya mlima, wakaishi katika kibanda cha miti na udongo na kufanya kazi zao humo humo.

Mahali hapo palimpa njia ya kupima. Juu mlimani hapakuwa na mbung'o, chini bondeni walijaa. Bruce alishusha farasi na mbwa wazima bondeni kwa saa chache, akawazuia wasile wala kunywa chochote, kisha akawapandisha. Waliugua. Akakamata mbung'o bondeni, akawapandisha mlimani na kuwaacha waume wanyama ambao hawakuwahi kushuka. Nao wakaugua. Hivyo alithibitisha kwamba si majani wala maji yaliyowaua, bali nzi. Katika damu yao aliona vimelea vinavyoogelea kama vijinyoka.

Kisha akapima wanyama wa porini. Alichukua damu ya nyati na swala waliokuwa wakitembea wazima, akaiingiza katika mbwa, na baadhi ya mbwa hao wakapata nagana. Hili ni jambo ambalo mtu anayefuga mnyama wa mwituni nyumbani hapaswi kulisahau: mnyama huyo anaweza kubeba ugonjwa asioonyesha dalili yake, akaukabidhi kwa mbwa au ng'ombe wa boma lilelile kupitia mbung'o.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, wote wawili walikuwamo katika mji wa Ladysmith uliozingirwa. Bruce alifanya upasuaji, na Mary akauguza majeruhi.

Mwaka 1903 Bruce aliletwa Entebbe. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza watu wa mwambao wa Busoga na Buganda. Waliokufa katika miaka hiyo wanakadiriwa kuzidi 200,000. Mwitaliano kijana, Aldo Castellani, alikuwa ameshaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, akamweleza Bruce. Kwa kuwa alikwisha kuviona vya namna hiyo kwa farasi na mbwa wa Ubombo, Bruce hakuchelewa kumfikiria mbung'o. Aliomba msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, naye akawaagiza machifu wakusanye nzi wanaouma kutoka kila upande. Ramani ya mbung'o ilipowekwa kando ya ramani ya wagonjwa, zililingana. Baadaye Bruce na Castellani walibishana juu ya nani astahili sifa. Majina ya wale waliokamata nzi hayakuandikwa popote penye heshima.

Ujuzi huo ulitumiwa kwa mkono mzito. Serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu wa mwambao, wakapoteza mashamba na uvuvi. Bruce alirudi Uganda mwaka 1908, akafanya kazi Mpumu, upande wa Mukono, kisha akaenda Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huko alifikia hatua ya kutaka wanyama wa porini waangamizwe katika maeneo ya mbung'o. Aliyejifunza mengi kutokana na wanyama alikuwa tayari kuwafuta.

Alistaafu mwaka 1919. Mary alifariki Novemba 1931. Siku nne baadaye, tarehe 27, ibada ya mazishi yake ikiendelea, Bruce naye alikata roho.

Kwa West Nile, kazi yake haijawa historia tu. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale: ile ya polepole huku kaskazini-magharibi, na ile ya haraka kusini-mashariki, ambayo huhifadhiwa na ng'ombe. Katika vijito vya Arua, Maracha na Koboko, vitambaa vidogo vya buluu vilivyotiwa dawa vimesaidia kupunguza mbung'o, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya huku si tishio tena kwa afya ya umma nchini.

Lakini aina ya kusini imeonyesha kwamba inaweza kusafiri. Mwaka 1998 ilizuka Soroti, ikiwa imebebwa na ng'ombe waliopitia mnadani bila kutibiwa. Zikikutana aina hizi mbili mahali pamoja, itakuwa vigumu kujua mgonjwa apewe dawa ipi. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na wanyama huvuka kila siku kupitia Oraba na kwenda na kurudi soko la Ariwara.

Anayenunua ng'ombe au mbwa kutoka mbali basi ampeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu kwa hadubini kabla ya kumchanganya na wengine, na kiangazi amnyweshe maji nyumbani au penye uwazi, mbali na vichaka vya mtoni. Mbwa akipata ukungu machoni, mwenyewe asikimbilie kumshuku jirani. Amkumbuke yule mbwa wa Ubombo aliyeshuka bondeni kwa saa chache tu, hakula, hakunywa, na bado akarudi na ugonjwa.