Askofu Aliyebaki Mjini

Wengi wetu twamjua Augustino, askofu wa Hippo, kwa habari za ujana wake: jinsi alivyopotea, jinsi mama yake Monika alivyomlilia mbele za Mungu, na jinsi alivyobatizwa mjini Milano mwaka 387. Habari za uzee wake hazisimuliwi sana. Nasi twaona ya kuwa hizo zawafaa zaidi wale waliokabidhiwa usharika.

Hippo ulikuwa mji wa pwani, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na wakimbizi wengi wakavuka bahari kuja Afrika, wakidhani ya kuwa huku kuna usalama. Lakini mwaka 429 Wavandali nao walivuka kutoka Hispania pamoja na mfalme wao Geiseric. Hesabu yao yasemwa ilikuwa watu 80,000, wazee na watoto pia. Walishika mafundisho ya Ario, wasikiri ya kuwa Mwana ni sawa na Baba. Wakayachoma makanisa na kuwatesa maaskofu. Majeshi ya Kirumi hayakuweza kuwazuia, kwa maana miaka michache kabla ya hapo wakuu wao walikuwa wakipigana wao kwa wao.

Ndipo askofu mmoja, jina lake Honoratus, alipotaka kujua kama ni halali mchungaji akimbie. Alikuwa na hoja yenye nguvu, maana Bwana mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake kukimbilia mji mwingine, naye Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski.

Augustino alimjibu kwa waraka mrefu. Alikubali ya kuwa mtu atafutwaye yeye peke yake, kama Paulo, aweza kwenda zake, ikiwa wamebaki wengine wa kulihudumia kanisa. Tena, watu wote wakiweza kuhama, mchungaji na ahame pamoja nao. Bali wakiwapo wasioweza kukimbia, hana ruhusa ya kuwaacha. Alimkumbusha jinsi watu wanavyolikimbilia kanisa siku ya hatari, huyu akiomba ubatizo, huyu akitaka kuungama, wote wakitafuta faraja. Je, wakikuta mlango hauna mtu? Na kama wahudumu ni wengi, nao wakishindana ni nani abaki na ni nani aondoke, wapige kura. Shauri hili la kura laweza kumshangaza msomaji. Sisi twaliona kuwa la busara sana, kwa kuwa mtu mwenye hofu huona upesi ya kuwa uhai wake ni wa lazima kwa kanisa kuliko uhai wa mwenzake.

Haukupita muda mrefu, maneno hayo yakamrudia yeye mwenyewe. Katika mwaka 430 Wavandali waliuzingira Hippo kwa nchi kavu na kwa bahari. Augustino alikuwa na miaka 75. Alikuwa amekwisha kumchagua padre Eraclius awe mrithi wake, hata angeweza kusema ya kuwa kazi yake imekwisha. Alibaki. Mezani aliwaambia maaskofu waliokimbilia kwake ya kuwa anamwomba Mungu auokoe mji, au awape watumishi wake nguvu ya kuvumilia, au amtwae yeye.

Mwezi wa tatu wa kuzingirwa alishikwa na homa. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, apate kuzisoma kitandani, naye alizisoma akilia. Siku kama kumi hakutaka kuonwa na mtu ila wakati wa kuja kwa waganga na chakula. Alikufa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wosia, kwa sababu hakuwa na mali. Aliagiza tu ya kuwa vitabu vya kanisa vitunzwe.

Mji ulizingirwa miezi 14, na baadaye ukachomwa moto. Vitabu vilipona. Possidius, askofu wa Calama, aliyekuwa naye humo mjini hata mwisho, ndiye aliyetuandikia habari hizi.